Bembea ya Kamba

Kufikia saa tatu asubuhi mfuaji wa hoteli alikuwa ameshaanika mashuka thelathini na mawili, yote yaliletwa yamejaa mchanga, maana wageni wanaokuja kuteleza juu ya mawimbi huparamia vitanda vivyo hivyo walivyotoka baharini. Aliamka alfajiri ili awahi kuondoka. Mama yake alikuwa kwenye benchi la hospitali, macho yote mawili yana mtoto wa jicho, na daktari wa macho huja kisiwani mara moja kwa miezi sita. Daftari la upasuaji lingefungwa saa sita, na bila sahihi ya ndugu, mgonjwa haandikwi.

"Dada, njoo kidogo," meneja akamwita. "Mpiga picha wa tangazo anataka mtu wa hapa. Jilaze kwenye bembea ya kamba pale minazini, utabasamu, basi."

"Bosi, niliomba ruhusa tangu jana. Mama yangu..."

"Dakika tano tu. Mbona una presha hivyo? Soma ukuta."

Ukutani waliandika kwa rangi ya buluu: HAPA HAKUNA HARAKA. Aliyeandika hajawahi kufua shuka hata moja.

Akajilaza. Mikono yake iliyobabuka kwa sabuni wakaificha chini ya mto, isiharibu picha. Mpiga picha alitaka nyuma yake lionekane wimbi kubwa, na mgeni amesimama juu ya ubao. Bahari ilikuwa shwari kama maji ya beseni. Wageni walikaa juu ya mbao zao kule mbali, wakingoja. Wao hawakuwa na pa kuwahi.

"Litakuja saa ngapi?"

"Litakuja tu. Tulia, dada," akajibu mpiga picha.

Kila alipoinua kichwa, meneja alimkata jicho. Wanaoitaka kazi yake walikuwa wamejaa getini. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Wimbi lilikuja saa sita kasoro dakika kumi. Akatabasamu, kisha akatoka mbio, ua la plastiki walilomchomekea likiwa bado sikioni.

Karani wa hospitali alikuwa anafunga dirisha. "Saa sita na robo hii. Mbona hamwajali wagonjwa wenu?"

"Mwandike tu, kaka, nakuomba. Daktari si yule pale?"

"Anakunywa chai. Rudini baada ya miezi sita. Haraka ya nini? Mtoto wa jicho haui."

Mama yake alipapasa hewani mpaka akamgusa uso. "Unahema, mwanangu. Wamekuchosha huko?"

"Hapana, mama," akasema kwa sauti kubwa, karani asikie na benchi zima lisikie. "Leo wamenilaza kwenye bembea. Nimepumzika, mama. Nimepumzika mpaka daftari limefungwa."