Kipandauso cha Mwalimu Bernadeta

Kokushubila alikuwa anakunywa chai ya tangawizi mezani kwake, katika ofisi ya madai ya hospitali moja ndogo ya binafsi kule Chang'ombe, pale mwanga ulipopita chini ya mlango na kupanda ukutani. Ulikuwa umevunjika-vunjika kama meno ya msumeno, wa rangi ya fedha, ukimetameta bila sauti. Ukatulia juu ya kalenda, kisha ukaanza kutanuka polepole kuelekea feni. Kokushubila akageuza kompyuta kidogo ili mng'ao usimsumbue. Alijua Mwalimu Bernadeta ameshafika mapokezi.

Mwalimu Bernadeta alifundisha hisabati shule ya msingi ya jirani. Tangu utotoni kwao Masasi alikuwa na kipandauso, kile kichwa kinachopasua upande mmoja na kumfanya mtu achukie hata harufu ya kitunguu. Wapo wenye kipandauso ambao, kabla maumivu hayajaanza, huona kwanza mwanga wa mikunjo-mikunjo machoni mwao. Wa Mwalimu Bernadeta ulikuwa unatoka nje. Ulimtoka jicho la kushoto ukatua kwenye ukuta wowote uliokuwa karibu, na kila mtu akauona. Darasani aliutumia kufundishia pembe kali na pembe butu. Wanafunzi wakishamaliza zoezi walifunga madirisha wenyewe, wakatoka kwa kunyata.

Kazi ya Kokushubila ilikuwa kusoma alichoandika daktari na kukipa namba. Kila ugonjwa una namba yake, na bima husoma namba, haina nafasi ya maelezo. Kuumwa kichwa kuna namba yake, na kipandauso kinachotanguliwa na mwanga kina yake peke yake. Ila hakuruhusiwa kuweka namba ya kitu ambacho daktari hakukiandika, hata kama kiko ukutani mbele yake. Na Daktari Fredrick alikuwa ameandika maneno yale yale ya siku zote: maumivu ya kichwa.

Pengine angeliacha lipite. Lakini siku hiyo mwalimu alikuwa amepangiwa kuanza vidonge vya uzazi wa mpango, vile vyenye homoni ambayo haimfai mwanamke mwenye kipandauso cha mwanga, kwa kuwa inaweza kumzidishia hatari ya kiharusi. Kompyuta ilitakiwa itoe onyo. Haikutoa, maana kwa kompyuta mwalimu aliumwa kichwa tu.

Kokushubila akaenda chumba cha daktari, akaamkia, akamwomba auandike ule mwanga.

Daktari Fredrick alikuwa mtu mwema mwenye foleni ndefu. Alimweleza kwamba kwenye malalamiko panaandikwa kile anachokiona mgonjwa na daktari hakioni. "Huu na mie nauona, Koku," alisema. "Jana nimeusomea majibu ya malaria. Sasa nitaandikaje kwamba analalamika?"

Wakakubaliana auingize upande wa vitu alivyoviona daktari mwenyewe. Akaandika vizuri kabisa: mwanga wa mikunjo, rangi ya fedha, ukutani, kutoka mapokezi hadi maabara, unatangulia maumivu. Kokushubila akaweka namba inayostahili na kutuma kwa bima. Jibu lilirudi kabla chai haijapoa. Namba imekataliwa, lilisema. Ukuta hauna bima.

Akamwambia mwalimu asianze vidonge kwanza. Siku ya pili yake, wote wawili wakaenda Buguruni, zilipokuwa ofisi za bima hiyo. Wakapokelewa na Revelian, kijana mwenye tai, ambaye alisalimiana na Kokushubila kwa Kihaya na kuulizia mvua za Bukoba. Wakati wanaeleza shida yao umeme ukakatika. Mwanga ukamtoka mwalimu ukatua ukutani nyuma ya meza. Revelian akamshukuru, akasogeza kiti hadi chini ya mwanga huo, akawasomea mwongozo. Mwongozo ulisema mwanga uwe unaonwa na mgonjwa.

"Si ninauona?" aliuliza Mwalimu Bernadeta.

"Unauona, mwalimu. Ila na mimi nauona. Ukishaonwa na wawili, hiyo ni taa."

Akashauri hospitali iite fundi umeme. Wakacheka wote watatu, mwalimu kwa sauti ndogo, kwa sababu kichwa kilikuwa kimeshaanza. Revelian akashusha mapazia, akamwachia ofisi yake alale kwenye kochi mpaka atakapoweza kusimama, akaendelea kukataa madai mengine koridoni.

Waliporudi Chang'ombe Kokushubila alikwenda moja kwa moja kwa Mwanakombo, muuguzi wa uzazi wa mpango. Mwanakombo akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua kabati kumwonyesha. Vile vidonge alikuwa ameshavirudisha tangu jana, ule mwanga ulipopita dirishani kwake. Alimweleza mwalimu kuhusu kitanzi kisicho na homoni. Mwalimu akauliza maswali yake yote, akakubali. Hakuna mahali popote palipoandikwa kwa nini.

Tangu hapo Daktari Fredrick aliendelea kuandika maumivu ya kichwa, maana hayo hayarudishwi. Na Kokushubila akaanza kupata mashaka juu ya wanawake ambao ukuta wao haukuwa na kitu, na ambao huenda walipewa vidonge vile vile. Asubuhi moja akaacha kompyuta, akaenda kwenye mabenchi ya mapokezi, akawa anamwinamia kila aliyejishika kichwa.

"Samahani dada, wewe mwanga wako uko wapi?"

Wengi walisema hawana. Mmoja aliyeitwa Filomena, aliyekuja na kitenge kichwani, alifikiri kidogo. "Uko humu ndani," alisema, akigusa kope. "Unanizunguka tangu nimetoka Kimara. Nimemwambia daktari, akaniambia nikanywe maji."

Mwalimu Bernadeta, aliyekuwa amekaa pembeni yake, akamsogelea. "Una rangi?"

"Kijani. Na zambarau kwa mbali."

"Una bahati. Wangu fedha tupu, miaka yote."

Wakaanza kulinganisha pembe. Kokushubila akawaacha wamalize, kisha akamshika Filomena mkono na kumpeleka kwa Mwanakombo. Aliporudi mezani akasoma alichoandika daktari, akaweka namba ya kuumwa kichwa, na bima ikaikubali papo hapo.