Mpira Uliompima Mwajabu

Usiku wa jana usingizi ulimrudisha Mwajabu kiwandani, utadhani mchana haukumtosha.

Kazi yake ni kupima ugumu wa mipira ya vifuniko vya sufuria za presha. Anakandamiza kipimo chenye sindano butu, anasubiri itulie, anasoma. Mpira ukiwa mwembamba, lazima uwekwe juu ya wenzake kwanza, la sivyo sindano inasoma ugumu wa meza iliyo chini. Sasa jana, kwa pupa ya kuwahi kicheni pati, bibie aliweka mpira mmoja peke yake juu ya meza ya chuma, akapitisha mzigo mzima.

Ndotoni, mpira huohuo ndio umekaa kwenye kiti cha msimamizi.

"Shikamoo," Mwajabu anasema, maana kiti ni kiti.

"Marahaba. Jana ulipima meza, hukunipima mimi. Mimi ni laini kama uji. Gari la mzigo linaondoka asubuhi. Mvuke ukinifyatua, ataungua uso mama wa watu."

Mara meza inakuwa kitanda, naye Mwajabu kalala chali juu yake na gauni lake la sherehe.

"Mwembamba huyu," mpira unasema. "Leteni wa kuweka chini."

Mtume! Anayeingia ni mama mkwe wake, ambaye anaishi Kilosa. Anavua kandambili, anakaza kanga, anajilaza kifudifudi.

"Panda, mwanangu, tusicheleweshe watu."

"Mama, nikulalie wewe? Jamani!"

"Panda. Si ndiyo sheria ya kazi yenu?"

Akapanda, aibu imemjaa mpaka masikioni. Sindano inashuka tumboni, nene kama mchi. Inatulia. Mpira unasoma, unatikisa kichwa, ingawa hauna kichwa.

"Sifuri. Wewe huwezi kuzuia kitu."

"Naweza! Zuieni gari!" Alipiga ukelele mpaka akaamka.

Kumekucha. Simu inaita. Ni mama mkwe, huko huko Kilosa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mgongo wangu, mwanangu! Wewe mwembamba wapi? Ule mpira ulikudanganya."

Mwajabu akaitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Haya," mama mkwe akasema, "hilo gari umeshalizuia, au bado uko kitandani?"