Rekodi ya Mkunga

Karakana nzima ilimwita Cheche, na kwa kuchomelea mageti hakuwa na mpinzani. Lakini yeye hakujivunia mageti. Alijivunia kijisanduku cha njano kilichokuwa kikikimbia ndani ya simu yake. Kijisanduku hicho hakisimami wala hakirudi nyuma. Mbele yake kuna miiba. Ukigusa kioo kinaruka, ukikosea hata kwa kupepesa jicho kinapasuka, nawe unaanza upya huku ukitukana. Rekodi ya Cheche ilikuwa miiba themanini na saba. Wenzake hakuna aliyevuka hamsini, na hakuna siku aliyowaacha wasahau.

Jumatatu moja, wakati wa chai, akafungua simu akakuta rekodi imeandikwa mia mbili na moja.

Jana yake alikuwa amelala mchana kutwa, simu kaiacha sebuleni. Mtu mwenye haya angejiuliza maswali. Cheche akapanda juu ya pipa la rangi.

"Mia mbili na moja! Nani mwingine?"

Wakampigia makofi wote, isipokuwa mpiga rangi aliyeitwa Mdomo, na jina hilo hakupewa bure.

"Hebu cheza tuone," akasema Mdomo.

Akacheza. Kijisanduku kikapasuka kwenye mwiba wa tisa. Akasingizia jasho la kidole. Mara ya pili kikafika wa kumi na mbili, akasingizia jua. Mara ya tatu hakikuvuka hata mwiba wa kwanza, na karakana ikaangua kicheko mpaka msimamizi akatoka ofisini kuuliza nani kaungua.

Cheche alifika nyumbani kanuna. Mkewe alisema yeye hana muda wa upuuzi. Kwa hiyo alibaki mtu mmoja tu: mama mkwe, mkunga mstaafu aliyekuja kuwatembelea wiki mbili na sasa alikuwa anamaliza mwezi wa tatu. Cheche alimwogopa kiasi cha kukohoa kwanza kabla ya kuingia sebuleni kwake mwenyewe.

Akakohoa, akaingia. "Samahani, mama. Hivi kuna mtu anaishika simu yangu?"

"Naangaliaga saa tu, baba."

"Saa si hiyo hapo ukutani, mama?"

Mama mkwe akaitazama saa kana kwamba ndiyo kwanza imezaliwa. Kisha akacheka hadi akashika mbavu. Cheche akamweleza aibu yote, pamoja na lile pipa.

"Mficha uchi hazai, mkwe wangu," akasema, akijifuta machozi. "Waambie ukweli. Wakibisha, walete."

Walibisha, tena sana. "Mwanamume mzima unamsingizia mama mkwe!" Mdomo alisema. Jumamosi alasiri wakaja watano, wakavua buti mlangoni, wakabanana kwenye kochi la watu watatu.

Mama mkwe akaipokea simu, akaiweka mapajani, akaanza. Kidole chake kilikuwa kimetulia kabisa. Mdomo wake ndio haukutulia.

"Bado... bado... pumua... usisukume... sasa! Haya, pumzika. Mwingine huyo anakuja. Bado..."

Walipofika mia na hamsini, wageni wote walikuwa wakipumua anavyowaagiza. Mdomo alikuwa ameng'ang'ania mkono wa kochi, mishipa ya shingo imemtoka, akisukuma kama mwenye uchungu wa kweli. Mia mbili. Mia tatu. Mia tatu kumi na nne, na mara mke wa Cheche akapiga ukelele jikoni:

"Mama! Maharage!"

Kijisanduku kikapasuka. Maharage nayo yalikuwa yameshakuwa mkaa.

"Umewezaje, mama?" Mdomo akauliza, sauti imejaa adabu.

"Nyinyi mkiuona mwiba tu mnabonyeza, kwa woga. Mwache akufikie. Nimewaambia hivyo wanawake miaka thelathini, wengine wakinitukana. Shika hii. Ila kanawe mikono kwanza."

Cheche alitumwa mkate. Alirudi akakuta Mdomo yuko mwiba wa sitini na moja, anatokwa na jasho, mama mkwe kamshika bega, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama mwenye nyumba. Akauliza zamu inayofuata ni ya nani. Wakamwonyesha mwisho wa kochi.

Akaenda kukaa, mkate mapajani, akisubiri simu yake mwenyewe.