Viti Visivyokwisha

Ndegwa alikuwa fundi wa makochi pale Kondele, na katika wateja wote aliowahi kuwahudumia tangu alipohamia Kisumu kutoka Nyeri akiwa kijana, hakuna aliyemchosha kama Mzee Oketch wa Milimani.

Si kwamba hakuwazoea wateja wagumu. Walikuwapo wa kuvuta bei hadi fundi akaona haya kwa niaba yao. Walikuwapo wa kuleta kochi lililoliwa na mchwa wakitaka lirudi kama lilivyotoka dukani. Kuna mwalimu mmoja aliyerudisha viti vilivyokwisha vizuri kabisa, eti mkwewe alivikalia asiseme neno. Hao wote Ndegwa aliwamudu kwa mzaha, tena kwa Kijaluo chake chenye lafudhi ya Kikuyu, kilichowavunja mbavu wakasahau walichokuja kugombania. Lakini Oketch hakugombana wala hakuteta bei. Ila hakuweza kukata shauri.

Alileta viti vyake mwanzoni mwa mvua za masika, mwaka wa themanini na sita: kochi kubwa na viti vidogo vinne vya mbao ya mvule. Kitambaa kilikuwa kimefifia kidogo tu, na springi zilikuwa bado ngumu. Ndegwa akamwambia wazi kwamba viti hivyo vingeweza kungoja mwaka mwingine.

"Toa kitambaa chote," Oketch alisema. "Mama anataka kingine."

Ndegwa akatoa. Viti vikabaki mifupa mitupu, magunia na nyuzi vikining'inia. Hapo ndipo taabu ilipoanza.

Kwanza Oketch alichagua veluti ya rangi ya damu ya mzee. Baada ya siku chache akaja kusema Mama ameona itashika vumbi, akachukua vipande vya kijani aende navyo nyumbani. Kijani kikarudi: kinafanana na sare za shule. Buluu ikaonekana baridi. Maua makubwa yalikuwa na makelele, na maua madogo yalimtia Mama kizunguzungu. Kila mara mzee alikuja mchana baada ya chakula, akaegesha Peugeot yake kuukuu ng'ambo ya barabara, akaingia na suti na kofia yake, akaketi juu ya kreti la soda. Alipakata vipande vya vitambaa akivigeuzageuza, na mwisho angesema, "Ngoja nimwonyeshe Mama."

Nekoye, mwenye kibanda cha chai mlango wa pili, alipata burudani ya bure. "Huyu ndiye alikuwa D.O.," aliwaambia wanywaji wake bila kupunguza sauti. "Tarafa nzima ilikuwa inangoja neno lake. Leo kitambaa kimemshinda!"

Watu walicheka. Oketch alisikia, akarekebisha kofia yake, akaendelea kupapasa vipande.

Karakana yenyewe ilikuwa ndogo. Viti vya Oketch vilijaza nusu yake, kazi nyingine ikabidi zikae nje chini ya karatasi ya nailoni. Mvua ikanyesha kwa upepo, sponji za kochi la pasta mmoja zikaloa, na pasta akaja na mkokoteni akalichukua kochi lake bila hata kuaga. Wiki hiyohiyo Oketch akakubali kitambaa cha kahawia, akaapa kwamba sasa ni hicho tu. Ndegwa hakungoja. Alichukua mkasi akakata. Alikuwa na misumari mdomoni, anapigilia kiti cha kwanza, aliposikia mlango wa Peugeot ukifungwa.

"Fundi," Oketch alisema, akitazama kiti. "Mama anasema labda tujaribu kitu cheupe-cheupe."

Ndegwa akatema misumari kiganjani.

"Mzee, pamoja na heshima yako yote, mimi nimechoka. Wewe ni mwanamume wa namna gani, hata kitambaa cha kukalia huwezi kuamua? Kama Mama ndiye anaamua, basi nipeleke kwake nimwulize mwenyewe!"

Kwa Nekoye vikombe vilinyamaza. Oketch alikunja vipande vyake kimoja kimoja, kichwa kikiwa chini, akavitia mfukoni.

"Ingia gari," akasema. "Twende."

Nyumba ilikuwa ya kiwanja kikubwa, yenye miti na ua uliokatwa vizuri. Sebule ilikuwa tupu. Sakafu nyekundu iling'aa kwa nta, na juu yake yalionekana madoa meupe ya mahali miguu ya viti iliposimama miaka na miaka. Hakukuwa na hata kigoda. Oketch akampitisha mpaka chumba cha kulala.

Ndegwa alimfahamu Milka, mke wa Oketch, kwa sura, kama nusu ya Kisumu ilivyomfahamu. Huyu ndiye aliyeongoza kwaya ya akina mama wa kanisa, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya uwanja bila kipaza sauti. Aliyelala kitandani alikuwa mtu mwingine. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, shingo imebaki mishipa, na mkono uliotoka chini ya shuka kumsalimia ulikuwa mwepesi kama wa mtoto.

"Kumbe ni wewe fundi unamsumbua mzee wangu," Milka alisema.

"Mama, yeye ndiye ananisumbua."

Milka akacheka, na kicheko kikamwuma mahali. Akangoja mpaka maumivu yapite, kisha akaonyesha kwa macho vipande vya vitambaa vilivyotapakaa kitandani, vyekundu, vya kijani, vya maua.

"Ni kansa, fundi. Nairobi walinichoma na mashine yao, halafu wakasema turudi nyumbani. Sasa sikiza. Hii nyumba ilikuwa inajaa watu. Wakijua niko hivi watakuja, na wakikuja watakaa, wanitazame. Mimi najua vile wanatazama. Nilimtazama mama yangu hivyo hivyo. Kwa hivyo mzee anawaambia hapo mlangoni: Milka amesafiri, na viti viko kwa fundi, hakuna pa kukaa. Huwezi kukaribisha mtu kwako asimame kama askari. Basi wanarudi."

Ndegwa alimgeukia Oketch. Mzee alikuwa amesimama karibu na dirisha akiangalia nje, mikono nyuma.

"Mpaka lini, Mama?" Ndegwa aliuliza, na neno lilipomtoka akatamani kulirudisha.

"Si mbali," alisema Milka. Akachukua kipande kimoja akakikunja kwenye vidole vyake vikavu. "Lakini usifikiri nacheza nawe tu. Zote ni nzuri. Kuchagua kumenishinda kweli."

Oketch alipomrudisha Kondele alizima injini, mikono ikabaki kwenye usukani. "Sasa umejua. Ukiona ni mzigo, nitavichukua nipeleke kwingine."

"Mzee, lile neno nililosema pale—"

"Hukujua."

Ndegwa akafungua mlango. "Kuna kahawia nyingine sijakuonyesha," alisema. "Njoo Jumatatu."

Basi Ndegwa akakibandua kile kitambaa cha kahawia, wakaendelea. Oketch alikuja, akaketi juu ya kreti, akachagua, akakataa. Ndegwa alimtafutia vipande hata katika maduka ya Wahindi mjini, vitambaa ambavyo visingefaa kiti hata siku moja, vyembamba vya magauni, vya nyuzi za kung'aa, kwa kuwa mzee alisema Milka hupenda kuvishika. Nekoye aliendelea kucheka, na sasa aliwacheka wote wawili. Ndegwa alimwacha acheke.

Ndipo akaja Awuor.

Awuor alikuwa dada mkubwa wa Oketch, mfanyabiashara wa mchele huko Awasi, mwanamke asiyepokea habari za mlangoni. Alikuwa amesikia fununu, akapanda gari asubuhi, akampita ndugu yake kizingitini, akaona aliyoyaona. Siku ya pili alikuwa karakanani kwa Ndegwa, jasho likimtiririka.

"Wewe ndiye Ndegwa? Leta vitambaa."

Ndegwa akaleta. Awuor hakuketi. Alipitisha mkono, akachomoa kimoja chekundu cha kumeremeta. "Hiki. Ijumaa naleta pikapu."

Miezi yote ile Ndegwa alikuwa ameomba Mungu ampe mteja wa namna hiyo. Sasa amempata, akaanza kutafuta visingizio. Alisema sponji zimekwisha. Alisema misumari inatoka Nairobi, na treni imechelewa. Ijumaa Awuor alipokuja, viti vilikuwa vilevile, mifupa.

"Mafundi wote ni waongo," Awuor alisema, "lakini wewe umezidi."

"Mama," Ndegwa akasema polepole, "mwenyewe hataki. Mama Milka hataki hivi viti vikwishe."

Awuor hakushangaa. Kumbe alikuwa anajua, au alikuwa amekisia.

"Mgonjwa ni wa watu," akasema, na sauti yake haikuwa tena ya sokoni. "Mtoto wangu alipokufa, Milka alikuja akakaa chini na mimi wiki nzima. Hakwenda kazini, hakwenda kwake. Alinilisha kwa mkono. Leo yeye afe amefungiwa kama mwizi? Watu wote aliowaimbia wasimwimbie?"

Awuor aliita vijana wa stendi, wakabeba viti vikiwa uchi, wakavipakia kwenye pikapu, wakavipeleka kwa fundi mwingine karibu na soko. Huko havikumaliza siku tatu. Na kabla ya kuondoka, Awuor aliwaambia waliosimama hapo wote kwamba fundi huyu hula muda wa watu. Maneno hayo yalifika mbali. Wateja wawili walikuja wiki hiyo kuchukua viti vyao ambavyo havijakwisha.

Habari za yaliyofuata zililetwa na Nekoye, kwani naye alisali kanisa lile. Aliingia karakanani asubuhi bila kikombe, bila kicheko, akakaa juu ya kreti.

"Jana tulienda kwa D.O.," alisema. "Akina mama wote. Awuor alitupokea vizuri, viti vimepangwa, chai iko. Tukaanza wimbo, ule Milka anapenda. Kumbe anasikia. Akamwambia Awuor amvalishe gauni, akatoka. Anashika ukuta, mzee yuko nyuma yake. Fundi, wale wa mbele walipomwona, wimbo ulikatika. Hivi, kama kamba. Mmoja akajiziba na leso akaanza kulia, kilio cha matanga kabisa, na mtu amesimama mbele yake anamwangalia!"

"Yeye akafanya nini?"

"Akauliza, 'Mbona mmeacha? Bado ubeti wa pili.'" Nekoye akajifuta uso kwa kiganja. "Hakuna aliyeweza. Hata mimi. Nilifungua mdomo, sauti hakuna. Akatungoja. Halafu akageuka, akarudi chumbani."

Ndegwa alichukua nyundo, akairudisha chini.

Milka hakuongea sana baada ya siku ile. Alifariki kabla ya Jumapili.

Walimzika nyumbani kwao Oketch, nje kidogo ya Awasi, na watu walijaa hata mashamba ya jirani yakakanyagwa. Ndegwa alisafiri peke yake akasimama nyuma, karibu na jenereta ya taa. Viti vile vilikuwa vimetolewa chini ya turubai kwa ajili ya wakubwa, vyekundu, vikimeremeta kwenye jua. Jicho lake la fundi liliona jinsi kitambaa kilivyokunjamana pembeni na misumari ilivyopigwa ovyo, akaangalia kando.

Baadaye mtu alimletea sahani ya chakula. Alikuwa Awuor mwenyewe. Hakuondoka.

"Nilifikiri zitamfurahisha," alisema. "Nyimbo."

"Ulimpenda, Mama."

"Nilimpenda. Lakini mlango nilifungua mimi." Alitazama kundi la waombolezaji. "Wewe mgeni, hata si mtu wetu, ulimsikia. Mimi nikajifanya sisikii."

Ndegwa alisogea akampa nafasi kwenye gogo alilokuwa amekalia. Awuor akaketi. Walikaa hivyo mpaka chakula kikapoa, na hakuna aliyekigusa.

Kazi ilirudi polepole. Watu wa Kondele husahau, na Nekoye, kila aliyeuliza habari za fundi huyo, alimjibu kwa ukali kwamba hakuna fundi mwaminifu kama yeye mji mzima. Siku moja mchana, jua likiwa kali, meneja wa ghala moja la pamba alikuwa karakanani akiagiza seti mbili za ofisi, mteja mzuri asiyekawia, anayejua anachotaka. Ndegwa alikuwa anapima sponji. Peugeot ikasimama ng'ambo ya barabara.

Oketch aliingia na suti yake na kofia. Alikuwa amepungua. Hakuwa na kipande chochote mkononi. Alitazama mahali viti vyake vilipokuwa vikikaa, sasa pana rundo la mbao za mtu mwingine, akavuta kreti akaketi.

"Nilikuwa nimekula," alisema. "Nikajikuta nimewasha gari."

"Karibu, Mzee."

Oketch akaweka kofia magotini. Mabega yakaanza kutikisika, na mzee aliyestahimili vicheko vya Kondele miezi yote ile, aliyesimama kaburini Awasi macho makavu, akalia kwa sauti kama mtoto.

Meneja akaangalia saa yake. "Fundi, tuendelee? Nina haraka."

"Rudi kesho," Ndegwa alisema.

"Kesho sitakuja. Nitaenda kwingine."

"Basi nenda."

Meneja akatoka. Nje, watu walikuwa wameanza kugeuza shingo. Ndegwa alichukua kipande kirefu cha kitambaa, akapanda juu ya stuli, akakipigilia kwenye kizingiti cha juu, kikashuka mpaka chini, kikafunika mlango wote. Kisha akashuka akaketi sakafuni karibu na mzee, mgongo ukutani, akangoja.