Tufe la Mnara wa Yakobo

Niseme ukweli tangu mwanzo: mimi ni mdaku. Kazi yangu ni kuandika kitabu cha kumbukumbu za mji wetu wa Kamenov, na asiye mdaku hiyo kazi haiwezi. Basi asubuhi walipoteremsha lile tufe la shaba kutoka kilele cha mnara wa kanisa la Mtakatifu Yakobo, nilifika uwanjani kabla ya meya, hata chai sijanywa.

Desturi ni kwamba kila mnara ukitengenezwa, waliotengeneza huacha barua ndani ya tufe kwa ajili ya watakaolifungua baadaye. La kwetu lilifunguliwa mara ya mwisho mwaka 1946, na aliyelifunga ni fundi bati Vaníček. Vita vilikuwa vimekwisha, majirani zetu Wajerumani walikuwa wanafukuzwa nchini, wanapakiwa kwenye treni, kila mmoja na kilo hamsini za mizigo, na kamati ya mji ikaamuru kila karatasi ya Kijerumani ichomwe. Barua zote za zamani za tufe zilikuwa za Kijerumani. Miaka mia mbili na hamsini ya mji wetu! Wapo waliosema Vaníček alizichoma, wapo waliosema alizificha. Shuleni mwanawe Otakar tulimwita Majivu. Mimi nilikuwemo, tena sauti yangu ndiyo iliyosikika zaidi.

Otakar sasa ana miaka themanini, fundi bati kama baba yake, na yeye ndiye aliyeitwa kufungua.

"Drahuška," aliniambia, "nataka kujua kabla sijafa. Alichoma, au hakuchoma? Basi, sitaki lingine."

"Na mimi nazitaka hizo barua," nikamjibu. "Kata upesi, mzee, unanitesa."

Ndani ya tufe mlikuwa na bomba moja tu la shaba. Otakar akalikata mdomo, na karatasi moja ikatoka, imepigwa taipu. Meya akaisoma kwa sauti: maandishi yote ya Kijerumani yameteketezwa kwa moto, imetiwa sahihi, Vaníček, fundi bati.

"Si tulisema!" mtu akapiga kelele kule nyuma, na watu wakaanza kusogea kwenye soseji na bia. Otakar aliketi juu ya mfuko wa saruji, bomba mapajani. Loo, niliwakasirikia wote: kamati, baba yake, hata yeye. Halafu nikajionea haya, nikaenda kukaa karibu naye.

Alikuwa analizungusha lile bomba, anapitisha kidole gumba kwenye kitako chake.

"Hapa pamelehemiwa mara mbili," akasema.

"Sasa?"

"Sasa nini? Wewe hukumjua baba. Risasi ya kulehemu alikuwa anaibania kama nini! Kulehemu mara mbili, yeye? Wee, nipe mkasi."

Akakata. Kitako cha pili kilikuwa chini ya kile cha kwanza, na katikati yake karatasi zimekunjwa, zimeandikwa kwa penseli, kwa Kicheki kibovu cha mtu aliyeacha shule mapema. Otakar akanipa nimsomee.

Baba yake alikuwa amezipeleka barua kwa jirani Mjerumani, mwalimu Hedwig Loserth, ambaye treni yake ilikuwa Alhamisi. Siku mbili jikoni kwake, yeye akizisoma na kuzitafsiri, fundi akiandika. Mimi nilisahau watu, nilisahau hata njaa. Mwaka 1697: mashimo ya fedha yamejaa maji, vijana wanahama, na huyu mwandishi ana jino bovu. 1758: askari wa Prussia wamekula shayiri yote na kumchukua mbuzi wa padri. 1832: kipindupindu, tumezika watu sitini na wanne, tumekatazwa kuwabusu maiti wetu, tumewabusu. 1871: reli imefika, na bibi zetu wanaapa ng'ombe watakauka maziwa.

"Endelea," Otakar akasema. "Mwisho wake. Nisomee mwisho."

Mwisho uliandikwa hivi: *Haya ndiyo niliyoweza kuandika. Nimeambiwa nichome mbele ya kamati, nitachoma. Naogopa. Nimemwambia mwalimu kwamba nina watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Hakunilaumu. Alizipanga barua mwaka kwa mwaka, akazifunga kwa utepe wa nywele zake, akanikabidhi mwenyewe.*

Meya alikuja, mdomoni bado ana soseji, akauliza tuandike nini katika barua mpya ya tufe, maana fundi wa paa anasubiri.

"Andika alichoma," Otakar akasema.

"Lakini mzee, aliokoa..."

"Hilo pia andika. Ila anza na alichoma. Na yule mdogo aliyekuwa ananyonya, andika jina lake. Ni mimi."

Akafuta macho kwa kofia. Mimi nikatoa kalamu, nikaandika alivyosema, neno kwa neno. Nilipofika chini, kabla ya sahihi yangu, nikaongeza kwamba mtoto huyo tulimwita Majivu, na kwamba aliyeanzisha jina hilo ni mimi, Drahomíra Pešková, na hadi leo sijamwomba radhi.

Nikampa aisome kwanza, kisha ndipo alehemu bomba.