Kipande Namba Mia na Kumi na Nne

Pale maabara walimpachika jina la Bi Ushahidi, na hakulikataa. Ukimwambia mvua inanyesha, alichungulia dirishani kwanza. Ukimkaribisha chai, aliuliza maji yamechemshwa na nani. Wenzake walicheka mpaka wakachoka, lakini kazi yenyewe ilitaka mtu wa namna hiyo. Alikuwa akipaka dawa vipande vya titi vilivyokatwa vyembamba kuliko karatasi, kisha akiviangalia kwa hadubini kuona kama seli zake zina vipokezi vya estrojeni.

Kipokezi ni kitasa, alipenda kuwaeleza wageni, na homoni ndiyo ufunguo. Ufunguo ukiingia, seli inapewa amri ya kukua. Saratani nyingi za titi zinaishi kwa amri hiyo, na hizo zina dawa yake: kidonge cha kuziba kitasa, unameza kila siku kwa miaka. Vipokezi vikiwepo, kipande hugeuka kahawia. Visipokuwepo, kinabaki na rangi ya buluu iliyopauka, na kidonge hapo ni kutwanga maji kwenye kinu.

Jumatatu, kipande namba mia na kumi na nne kilibaki buluu.

Namba hiyo ilikuwa ya mdogo wake. Walinyonya ziwa moja, na ziwa hilohilo ndilo lililomuua mama yao, nalo lilikuwa na vipokezi tele. Majibu yale aliyasoma kwa macho yake. Alijua vizuri kwamba mtoto si lazima amfuate mama kwa kila kitu. Alijua, lakini moyo ulikataa. Barua ya majibu ingekwenda hospitali Ijumaa saa nne asubuhi, na ikishakwenda na neno "hakuna", mdogo wake angeanzishiwa dripu kali, na kidonge asingekipata.

"Kuna mtu amekichezea," alijiambia.

Na mtu huyo hakuwa mbali. Maana kipande kile hakikupita mikono mingi, hilo alihakikisha mwenyewe. Siku ya upasuaji hakumpa tarishi wa maabara, ambaye walimwita Kesho kwa sababu kila alichotumwa kilifika kesho yake. Hata fomalini ya pale hospitali, ile dawa ya kuhifadhia vipande, aliikataa. Nani ajuaye kama hawakuiongeza maji? Alimwomba nesi amtilie kipande kikavu ndani ya kikopo chake, akakiweka kwenye mkoba, akaja kukitia kwenye fomalini aliyoichanganya kwa mkono wake. Baada yake aliyekigusa alikuwa mmoja tu.

Huyo ni Wembe, mgandishaji wa vipande kwenye nta na mkataji wake. Mwanamume mnene, mpole, mwenye pipi ya mnanaa shavuni kutwa nzima, na upole wake ndio uliomtia Bi Ushahidi wasiwasi miaka yote sita. Mtu asiyekasirika ana lake jambo. Tena tangu Jumanne mambo yake yalikuwa hayaeleweki. Bi Ushahidi akiingia, Wembe anafunika daftari la mapokezi kwa kiwiko. Droo yake, iliyozoea kukaa wazi imejaa makaratasi ya pipi, sasa inafungwa kwa ufunguo. Jumatano Bi Ushahidi alifika alfajiri ili awatangulie wote, akamkuta Wembe yuko kwenye mashine yake, na bakuli la maji ya kutandazia vipande limeshapata moto.

"Leo umedamka," alimwambia.

"Usingizi ulinikimbia." Wembe alihamishia pipi shavu la pili.

"Unakata nini?"

"Vitu vya zamani tu, bi mkubwa. Mabaki."

Mabaki! Mtu anaacha kitanda chake kwa ajili ya mabaki? Bi Ushahidi alikwenda kusimama chooni, akampigia mdogo wake simu.

"Kipande chako kuna mtu amekiharibu," alinong'ona. "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Nani huyo, dada?"

"Bado namfuatilia."

"Ukimshika usimwachie." Sauti ya mdogo wake ilikuwa bado ya mgonjwa, lakini maneno yalikuwa yaleyale ya siku zote. "Mlete kwangu. Nitamtafuna hivihivi na bandeji zangu."

Alhamisi baada ya chakula cha mchana Wembe alikwenda stoo kuchukua nta. Madawati yote ya pale yalinunuliwa pamoja, na funguo zake ziliingiliana. Hiyo ilikuwa siri ya watu wote. Bi Ushahidi alichukua ufunguo wa dawati lake, akautia kwenye droo ya Wembe, akazungusha. Ikafunguka. Ndani alikuta mfuko wa pipi, daftari la mapokezi, na vioo viwili vyenye vipande vilivyopakwa dawa. Vyote viwili vimeandikwa: mia na kumi na nne.

Alikwenda navyo kwenye hadubini, akaweka cha kwanza. Kahawia. Akaweka cha pili. Kahawia iliyokolea, seli moja baada ya nyingine. Alisikia mlango, wala hakugeuka.

"Nimekushika," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyajali. "Majibu ya mdogo wangu umeyafungia kwenye droo na pipi zako. Tumekukosea nini sisi?"

Wembe aliweka nta chini, akafunga mlango taratibu, akavuta kiti.

"Hivyo ni vya ile sampuli ya sindano," alisema. "Ile aliyochomwa mwezi uliopita, kabla hajapasuliwa. Ilikuwa imekaa stoo. Nimeikata na kuipaka mwenyewe, mara mbili, nikaviandika namba yake ileile, nipate uhakika kabla sijakusema."

"Uniseme kwa lipi?"

"Weka kile chako cha Jumatatu. Penye ugonjwa paache. Angalia mirija mizima pale pembeni."

Alikiweka kwa hasira. Mirija mizima ya titi haikosi seli mbili tatu za kahawia, kwa sababu hata titi lisilo na ugonjwa lina vipokezi. Ndiyo maana mpimaji huanza kuangalia hapo. Yeye Jumatatu hakuanza hapo. Macho yalimkimbilia moja kwa moja penye saratani ya mdogo wake, yakaganda hapohapo. Sasa aliangalia. Buluu. Mrija wa kwanza, wa pili, wa tano, wote buluu.

"Kipande chote kilishaharibika," Wembe alisema. "Hakijasema 'hakuna'. Hakikuwa na uwezo wa kusema lolote."

"Basi ni Kesho!"

"Kesho hakukigusa, bi mkubwa. Wewe ulimkataza."

Wembe alilifungua daftari, akalisukuma mbele yake. Mstari wa mia na kumi na nne. Kutolewa mwilini: saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Kutiwa fomalini: saa sita na robo. Sahihi iliyofuata aliijua, na mwandiko aliujua zaidi, kwa sababu ndio uleule ulioandika lile tangazo la ukutani alilolibandika mwenyewe na kulipita kila siku: KIPANDE KISIKAE NJE YA FOMALINI ZAIDI YA SAA MOJA.

Alikumbuka yote mara moja. Alikusudia kutoka pale hospitali mbio. Alipita wodini dakika tano tu, amwone mdogo wake akifumbua macho. Mdogo wake hakufumbua. Akakaa, akamshika mkono, akausubiri ule mkono umjibu, na mkoba ulikuwa miguuni pake muda wote huo, na kipande ndani yake kinakufa. Saa tatu na nusu na ushee. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Kwa nini hukuniambia tangu Jumanne?"

"Ningekwambia, ungeniuliza ushahidi uko wapi." Wembe alimsogezea mfuko. "Chukua pipi."

Alichukua. Hakuuliza imetengenezwa wapi. Kisha walipeleka vioo vyote vitatu na daftari kwa mkuu wa maabara, na taarifa ya kosa aliiandika yeye mwenyewe, kwa jina lake. Barua ya Ijumaa ilichapwa upya: vipokezi vipo, kwa wingi.

Mdogo wake ndiye aliyepiga simu jioni ile.

"Enhe, dada! Umempata?"

"Nimempata. Kidonge utapewa, majibu yamerekebishwa."

"Namuulizia mtu mimi. Ni nani?"

Bi Ushahidi alihamishia simu sikio la pili. "Siku ile umelala baada ya upasuaji, alikuwa amekaa kando ya kitanda chako. Kipande kiko ndani ya mkoba, kinaharibika, na yeye amekushika mkono. Saa tatu na nusu. Hakuangalia hata saa."

Alisikia mdogo wake anapumua, akasikia kitanda kinalia.

"Huyo," mdogo wake alisema mwishowe, "mwachie."