Meza Isiyokimbia

Katika nyumba ya Valérie, kule Karuba, hakikuwako kitu kisichokuwa na mahali pa kukishikia. Viti vilikunjwa. Meza ya kulia ilifunguliwa miguu ikafungwa kamba kama mzigo wa kuni. Nguo zilikaa ndani ya mifuko, na ukutani hapakuwa na msumari hata mmoja. Wajukuu wake, waliomwita Tate kama bibi wote wanavyoitwa kwetu, walizoea kumcheka.

"Tate, hata chungu yako inalala na viatu!"

"Mucheke tu. Siku ya mbio mutaniomba nafasi mugongoni."

Mbio alizijua. Vita vilimtoa Karuba mara nyingi, na kila aliporudi alikuta nyumba bila bati, zizi bila ng'ombe, safari nyingine hata mlango umekwenda. Ndipo akajiwekea sheria yake: kitu usichoweza kukibeba wala kukisukuma si chako, ni cha yule anayekuja nyuma yako.

Basi mjukuu wake Adelaïde akarudi kutoka Goma, amejifunza kutengeneza moto, ndizo pikipiki, katika garaji ya watu, akasema anataka kufungua garaji yake mwenyewe pale barabarani. Tate alifurahi mpaka akapiga vigelegele peke yake jikoni. Mwanamke mekanisien! Karuba haijawahi kumwona. Kibanda cha mbao kilikwisha kusimama. Funguo, nyundo na bisibisi zilikuwa ndani ya mfuko wa unga. Vilibaki vitu viwili vya kuchagua: sanduku la vyombo lenye magurudumu, na meza ya kazi.

"Sanduku nitachagua miye," Tate akasema. "Mambo ya magurudumu, haiko muntu wa kunifundisha."

Wakapanda mpaka Mushaki, dukani kwa Papa Jean-Luc. Kulikuwa na sanduku la chuma, jekundu kama pilipili, lenye droo tano na magurudumu manne madogo. Tate alilisukuma kwa kidole kimoja. Likateleza juu ya sima, ile saruji ya sakafuni, bila sauti.

"Njo hii! Adé, umeona? Inatembea sawa bibi-harusi."

"Nimeona, Tate. Sasa uisukume huko inje."

Papa Jean-Luc akakohoa. "Inje tena, Mama? Hii iko ya ndani ya garaji."

"Papa, kwani vita inatukutaka mu garaji?" Tate akajibu, akalitoa mlangoni. Lilipofika kwenye mawe, gurudumu moja likaingia kati ya mawili, sanduku likainama, na droo zote tano zikafunguka mara moja kama midomo ya watoto wa ndege. Wapita njia wakacheka. Tate naye akacheka, maana lilikuwa jambo la kucheka, kisha akalipangusa tope kwa kitenge chake na kulirudisha kwa heshima.

Wakateremka kwa Papa Grégoire, fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali zinazoshusha magunia ya viazi milimani. Tate akamwambia anachotaka: sanduku la mbao, droo nne, magurudumu mawili makubwa ya chukudu yaliyovikwa mpira wa tairi, na mkono wa kusukumia. Akaongeza la kwake mwenyewe: ubao mmoja mrefu unaoshuka mbele ya droo zote na kufungwa kwa kufuli, ili mteremko wowote usizifungue. Papa Grégoire alikuna kidevu.

"Mama Valérie, hii sijatengeneza tangu nizaliwe."

"Basi leo unazaliwa tena."

Likatoka zuri. Adelaïde alipanga funguo zake kwa ukubwa, akalisukuma kupitia mawe, tope, na lile shimo mbele ya kanisa, na hakuna hata kijifunguo kilichodondoka. Tate alitembea nyuma yake akisalimia watu wasiomsalimia.

Sasa meza.

"Hii nayo ikunjwe," Tate akaamuru. Papa Grégoire akatengeneza meza nyepesi, ya miguu ya kukunja. Adelaïde hakupinga. Alifunga juu yake eto, kile chuma cha kubania kazi, akangoja.

Mteja wa kwanza alikuwa Prince, mkubwa wa motari wote wa pale, wale wanaobeba abiria kwa moto. Alikuwa ameanguka darajani, na furshi ya moto yake, zile bomba mbili zinazoshika gurudumu la mbele, moja ilikuwa imepinda. Adelaïde aliitoa, akaibana kwenye eto, akatia bomba refu la kuongezea nguvu, akavuta. Furshi haikunyooka. Meza ndiyo iliyotembea. Alipovuta tena, ikamfuata mpaka mlangoni kama mbuzi anayefuata chumvi.

"Eh, dada mekanisien!" Prince akapiga makofi. "Unatengeneza moto ao unachunga meza?"

Wenzake wakacheka. Kisha Prince akaacha mchezo. "Sikia, furshi naacha hapa. Siku ya soko nitarudi. Kama iko bado namna hii, napeleka Sake, na hawa bote banafuata. Siye tunaitaji garaji, hatuitaji kicheko."

Alipoondoka, Adelaïde aliketi juu ya sanduku lake. Tate alimtazama mikono, iliyokuwa myeusi kwa mafuta.

"Tate, meza yangu iingie mu udongo. Miguu ishuke mpaka kwenye goti, na mawe, na sima."

"Na siku tutakimbia?"

"Sanduku itakimbia na siye. Meza itabaki."

"Itabaki kwa nani? Adé, miye nimepandia bantu vitu vingi."

"Tate, chuma hainyoroki juu ya kitu chenye kiko tayari kwenda."

Tate akatoka garajini. Alirudi nyumbani, akazunguka nyuma ya zizi. Hapo, chini ya samadi na majani makavu, ulilala ubao wa mti wa mumba, mnene kama shubiri, mrefu kama kitanda. Marehemu mume wake, Papa Édouard, ndiye aliyeupasua, akitaka kumtengenezea kitanda, vita vikafika kabla ya kitanda. Kila walipokimbia Tate aliutukana ule ubao. Mzito, hauna shukrani, watu wanne hawauinui! Papa Édouard alikuwa akisema tu, "Uache, utatungoja."

Akachuchumaa, akaufuta samadi kwa kiganja. Akaanza kuulizia vitu vyake vyote, kimoja kimoja. Ile sufuria kubwa aliyokimbia nayo? Ilibaki njiani. Ile redio? Wanyang'anyi. Magodoro? Mvua, kambini. Vyote vilivyokuwa vyepesi vilipata wa kuvibeba. Huu ubao, ambao haukwenda popote, ndio peke yake uliobaki katika mali ya ujana wake, kwa sababu hakuna mwizi aliyeweza kuuinua.

"Kumbe ulikuwa unatungoja kweli," akauambia. Akapiga kelele kuita majirani.

Walikuja watu sita, wakaubeba kwa nyimbo na malalamiko. Papa Grégoire akachonga miguu minne ya mumba uleule. Mashimo yakachimbwa mpaka goti. Jiwe la kwanza Tate alilitia mwenyewe, akalishindilia kwa mchi wake wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, na watu wakasogea kuangalia, maana hawajawahi kumwona akipanda kitu kisichoweza kung'olewa.

Siku ya soko Prince akaja, na nyuma yake motari wengi waliokuja kuona meza ikitembea. Adelaïde alibana furshi, akatia bomba refu, akaegemea kwa uzito wake wote. Chuma kililia. Meza haikusema neno. Akavuta tena, pole pole, akaitoa, akaivingirisha juu ya mumba. Ilibiringika sawa, bila kurukaruka, mpaka ukingoni, na Prince akaidaka.

Akafumba jicho moja, akaiangalia kutoka ncha mpaka ncha. "Dada Adelaïde," akasema, na safari hii hakuongeza mchezo, "yangu ikiisha, kuko tatu zingine pale inje."

Tate alikuwa amesimama pembeni ya sanduku la magurudumu, mkono juu ya mkono wake wa kusukumia, kama alivyozoea. Akauachilia. Akaenda kusimama karibu na meza.

Tangu siku ile, mgeni akifika garaji pale, hata awe pastere wa parokia, hapewi kiti kwanza. Tate anamshika mkono, anampeleka mpaka mezani, anamwambia:

"Papa, sukuma."

Mgeni anasukuma kwa adabu.

"Hapana, Papa. Sukuma na nguvu yako yote."